Jicho la msimamizi, kiganja cha mlinzi: kisa cha vipele vya ndevu lindoni

Mgonjwa na kazi yake

Tutamwita S. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, ameoa, mlinzi wa geti la mbele la jengo la ofisi katika mji mmoja wa pwani. Jina, mji na mwajiri vimeondolewa, na mwenyewe ameridhia kisa chake kitumike kufundishia. Alifika kliniki yetu ya ngozi akiwa na kitambaa mkononi cha kufutia shingo, na neno lake la kwanza halikuhusu maumivu: "Daktari, nipe barua au nipe dawa, mojawapo, maana Jumatatu nakaguliwa."

Kampuni yake inataka mlinzi wa geti la mbele aingie zamu akiwa amenyoa, kila siku ya Mungu. Kabla ya kugawa malindo, mkuu wa zamu hupita mbele ya mstari akikagua viatu, mkanda, kofia, kisha uso. Urefu wa ndevu haujaandikwa popote. Kilichoandikwa ni "nadhifu na amenyoa", basi. Maneno hayo matatu ndiyo yaliyozaa karibu kila kitu kinachofuata.

Ndevu za S. ni za kipilipili, ngumu, na zimejaa zaidi chini ya taya na shingoni. Kabla hajaajiriwa alikuwa akipita kwa kinyozi mara moja kwa wiki au hata wiki mbili, anapunguzwa kwa mashine, anaondoka. Vipele vilikuwa vinamtoka kimoja kimoja na kupotea. Kuajiriwa hakukumbadilisha ngozi wala ndevu. Kulimbadilishia ratiba na kifaa.

Alivyokuwa ananyoa

Kabla sijamgusa uso nilimwomba anioneshe kwa kidole anavyonyoa, tangu anapoamka. Mtu ukimuuliza "unanyoaje?" atakujibu "kawaida tu", na hutajua lolote. Mwambie aigize.

Kawaida ya S. ilikuwa hivi. Saa kumi alfajiri, maji baridi ya ndoo, povu la sabuni ya kipande ileile ya kuogea. Wembe wa plastiki wenye nyembe tatu, anaoutumia mpaka uanze kukwaruza, na unaoshinda bafuni kwenye kopo lenye majimaji. Mkono wa kushoto unavuta ngozi ya shingo kwenda chini, wa kulia unapandisha wembe kutoka kwenye koromeo hadi kidevuni, kinyume na zinakoelekea ndevu. Kisha anapitisha kiganja. Kiganja kikikwama popote, anarudia hapo bila povu. Mwisho spiriti, mpaka machozi yamtoke.

Alipofika kwenye kiganja nilimsimamisha, akarudia tena mbele yangu. Hapo ndipo kisa chote kilipo, nitakirejea kwenye uchambuzi.

Kwanza tuelewane kinachotokea chini ya ngozi. Unywele wa kipilipili hautoki wima. Kishimo chenyewe unamoota kimepinda, kwa hiyo unatoka umelala na tayari umeanza kujikunja. Wembe ukiukata kwa mshazari, ncha inabaki imechongoka mithili ya sindano. Baada ya hapo kuna njia mbili za kuumia. Ya kwanza, unywele unakua nje, unajikunja na kuzama tena ngozini, milimita 1 au 2 tu kutoka ulipotokea. Ya pili ni mbaya zaidi na haionekani kwa macho: ngozi inavutwa, wembe unaunyanyua unywele na kuukata, ngozi inaachiwa, na kisiki kinarudi chini ya uso wa ngozi. Kinapokua kinatoboa ukuta wa kishimo chake kabla hakijafika nje. Kwa njia zote mbili mwili unakipiga vita kisiki hicho kama kitu kigeni, na matokeo yake ni kipele, mara nyingi chenye usaha, ingawa bakteria huenda hawahusiki kabisa.

Wembe wa nyembe nyingi umeundwa kwa njia ya pili hasa. Wa kwanza unanyanyua, wanaofuata wanakata chini zaidi. Mwenye ndevu zilizonyooka anapata uso laini hadi jioni. S. alikuwa anapata uso laini hadi kesho kutwa, kisha shingo inawaka moto.

Hayuko peke yake. Tafiti juu ya wanaume Weusi, nyingi zikitoka jeshini Marekani ambako kunyoa ni amri, zimetaja viwango vya wenye vipele hivi kuanzia asilimia 45 hadi 83. Mwaka 2004 ilichapishwa kazi iliyoonesha pia kwamba mabadiliko madogo katika jeni ya mojawapo ya protini za ala inayozunguka unywele yanaongeza hatari. Nilimweleza S. hilo kwa sababu alikuwa na kaka yake wa tumbo moja anayenyoa kwa wembe uleule bila hata kipele, na nyumbani walishaanza kumwambia hajui kuoga.

Aliyopitia kabla ya kufika kwetu

Dawa ya kwanza ilikuwa ndimu. Alikata, akasugua shingo, akavaa sare na kwenda kusimama getini kwenye jua. Maji ya ndimu yakikutana na jua juu ya ngozi huunguza na kuacha mabaka meusi yanayokaa miezi. Akapata mabaka juu ya vipele.

Ikafuata kibano. Kila Jumapili mke wake alimketisha mlangoni penye mwanga na kumng'oa vinywele vilivyozama, kimoja kimoja, kwa upendo na uvumilivu ambao mimi sina. Nafuu ilikuwa ya siku chache. Unywele uliong'olewa unaanza safari upya kutoka chini kabisa ya kishimo, ukiwa na ncha nyembamba, na nafasi nzuri tu ya kutoboa pembeni.

Mlinzi mwenzake akamletea poda ya kunyolea, ile inayokorogwa na maji na kutoa harufu ya yai viza. Poda hizi, nyingi zina bariamu salfaidi, zinafanya kazi kweli: zinauyeyusha unywele badala ya kuukata, na ncha inayobaki ni butu. Lakini uji wake una ukali wa alkali wa kufikia pH 12, unahesabiwa kwa dakika na haurudiwi kesho yake. S. aliupaka juu ya ngozi yenye vidonda na kuuacha mpaka alipoona umekauka. Aliungua mstari mzima wa taya.

Kisha akaenda duka la dawa. Alitoka na tyubu ya mseto: steroidi kali (dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho), dawa ya fangasi na antibiotiki, vyote humo ndani. Wiki ya kwanza uso ukatulia mpaka wenzake wakamuuliza anapaka nini. Akaendelea kwa miezi. Akiacha siku mbili, uso mzima unawaka na kuwa mwekundu-mweusi, akipaka, unatulia. Alipofika kwetu hakuitaja tyubu hiyo kabisa kwenye orodha ya dawa. Kwake yeye ilikuwa "mafuta ya uso". Ilibidi niulize, "Na baada ya kuoga unapaka nini?" ndipo akaitoa mfukoni.

Tulichokiona

Vipele vilikuwa vimejazana chini ya taya na pande zote mbili za shingo, vingine vikavu na vigumu, vichache vyenye usaha. Juu ya mdomo palikuwa safi. Hiyo ni alama nzuri ya kuangalia, kwa maana vipele vya aina hii kwa kawaida huukwepa mdomo wa juu. Hata hivyo, fangasi wa ndevu anaweza kufanana na vipele hivi, na steroidi inaweza kumficha, kwa hiyo tulikwangua magamba na kuyatazama kwa darubini. Hakukuwa na kitu. Tulimshauri pia apime VVU na homa ya ini aina ya B, kwa sababu kwa vinyozi aliowahi kupitia nyembe hazikuwa zinabadilishwa kila mara. Majibu ni yake mwenyewe.

Mashavuni, mahali ambapo hapakuwa hata na ndevu nyingi, ngozi ilikuwa nyembamba, yenye mng'ao na vimishipa vidogo. Hiyo ilikuwa kazi ya tyubu. Kwenye kona ya taya la kushoto palikuwa na kovu lililovimba, gumu, upana wa karibu milimita 8.

Kwa lenzi tuliuona unywele mmoja umeingia ncha zote mbili: unatoka tundu hili, unazama tundu la pili, katikati unapita chini ya ngozi angavu, mweusi kabisa. Nilipitisha sindano safi chini ya kitanzi na kukinyanyua, bila kukichomoa. Ukafunguka wenyewe, na ulikuwa mrefu kuliko nilivyotarajia. Nikampa kioo. Alitazama kwa muda, akasema, "Kumbe anakaa humuhumu ananisubiri." Baada ya hapo sikuhitaji kumshawishi kwamba tatizo si uchafu.

Uamuzi wa mwanzo na sababu zake

Wembe ulisimama. Tulitaka angalau wiki nne bila kukata karibu na ngozi, kwa sababu unywele ulionaswa ukiendelea kurefuka, kitanzi kinatanuka mpaka kinajinasua chenyewe, kwa kawaida unapokaribia sentimita 1. Ndevu hukua karibu theluthi ya milimita kwa siku, hivyo hesabu ni ya mwezi mmoja hivi. Mashine iliruhusiwa kupita juu juu tu, isishuke chini ya milimita 3, yaani kichanio namba moja.

Steroidi kali hatukuikata ghafla. Tulimpa haidrokotisoni asilimia 1, ambayo ni steroidi hafifu, mara moja kwa siku, kwa muda mfupi, kisha akaacha. Kwa vile vyenye usaha alipewa benzoili peroksaidi asilimia 5. Adapalini, ambayo kwa wengi ni dawa nzuri ya usiku kwa tatizo hili, tuliiahirisha. Ngozi iliyokonda kwa steroidi isingeivumilia. Maji ya uvuguvugu asubuhi na jioni, kitambaa laini, kusugua kwa mduara dakika moja ili kunyanyua ncha zinazoanza kuzama. Spiriti ikafutwa kwenye ratiba.

Mke wake hatukumwondoa kazini. Tulimbadilishia tu: aangalie kwa tochi ya simu, akiona kitanzi akinyanyue kwa sindano iliyosafishwa, asivute. Alikuja naye ziara iliyofuata, na nilimwachia afanye mbele yangu. Mkono wake ni mwepesi kuliko wa manesi wetu wengi.

Barua ya kwanza

Fomu ya hospitali kwa mwajiri ina nafasi mbili: mapumziko, au kazi nyepesi. Kunyoa hakumo. Ilijazwa "kazi nyepesi, asinyoe ndevu kwa wiki nne", ikapigwa muhuri.

Mkuu wa zamu aliisoma kama ilivyoandikwa. Kazi nyepesi kwake ni lindo la usiku kwenye ghala, mahali pasipo na wageni wa kuona ndevu. S. akaondolewa getini siku ileile. Akapoteza posho ndogo za mchana, akapoteza na bakshishi za wenye magari, na nyumbani wakahisi. Alipotupigia simu sauti yake ilikuwa ya heshima tu: "Daktari, samahani, hii barua imenipunguzia chakula."

Siku za mwanzo, uso ulipochafuka

Tulimwonya, na bado ilikuwa ngumu. Visiki vilivyokuwa tayari chini ya ngozi viliendelea kukua na kutoboa, hivyo vipele vipya vilizidi kabla ya kupungua. Papo hapo uso ulikuwa unadai steroidi yake. Mashavu yalivimba, yakawasha, yakawa na rangi mbili. Akawa anafanya lindo la usiku, uso unawaka, na tyubu ipo dukani, bei yake anaiweza.

Hakununua. Nilimuuliza baadaye kilichomzuia, akasema ni namba ya simu: alipewa namba ya kliniki na kuambiwa siku gani hasa mambo yatakuwa mabaya, na yalipokuwa mabaya siku hizohizo akaamini na mengine tuliyosema. Tulimrejeshea haidrokotisoni kwa siku chache zaidi, pamoja na vitambaa vya maji baridi, na mafuta mepesi yasiyo na manukato.

Benzoili nayo ikaleta kioja. Dawa hiyo hufubaisha nguo, na kola ya sare ya buluu ilitoka madoa meupe. Sare inakatwa mshahara. Tangu hapo akaihamishia saa za mapumziko, anapaka, anakaa na fulana kuukuu, ananawa kabla ya zamu.

Kola yenyewe, kwa bahati, ndiyo iliyotuonesha jambo jingine. Ilikuwa ndogo kwa shingo yake, ngumu, na kwenye joto la pwani inashinda imelowa jasho ikisugua pale pale palipo na vipele. Kubadilisha saizi hakukuhitaji daktari wala barua, ila stoo na uvumilivu.

Kwa kinyozi

Wiki nne zilipokwisha, vitanzi vingi vilikuwa vimefunguka. Sasa likaja swali lililomleta: atanyoaje na kubaki kazini? Niliomba twende wote kwa kinyozi wake, karibu na stendi, saa ambayo hakuna wateja.

Kinyozi ni fundi mzuri, anayejivunia mstari. Kwenye mashine yake ndogo ya kuchongea alikuwa amelegeza skrubu na kusogeza meno ya juu mpaka yakalingana na ya chini. Mashine iliyofungwa hivyo inakata usawa wa ngozi, karibu sawa na wembe, na wateja wake wanaipenda kwa hilo. Nilipomuuliza kama anaweza kuirudisha alinitazama. "Mkubwa, nikiirudisha, mtu atasema sijanyoa."

Tukafanya jaribio. Shavu la kulia la S. alilipitisha kwa mashine kubwa bila kichanio, meno yakiwa na nafasi yake ya kiwandani, bila kukandamiza. Hiyo huacha kama nusu milimita. La kushoto tukaliacha na ndevu zake kama zilivyokuwa. Kisha nikamwomba kinyozi arudi nyuma hatua mbili, umbali wa mkaguzi na mkaguliwa, aseme upande gani umenyolewa. Akaonesha wa kulia bila kusita, akasema umenyolewa vizuri. Nikamwambia aguse. Akagusa, akacheka. "Inakwaruza."

Tulikubaliana hivi. Mashine kila siku ya pili au ya tatu, kamwe isiwe kila siku, ili ndevu zicheze kati ya nusu milimita na milimita 1 na kidogo. Ngozi isivutwe. Mashine isigeuzwe kusukuma kutoka chini kwenda juu shingoni kwa mazoea tu. Shingoni kwa S., kama ilivyo kwa wengi, ndevu hazielekei upande mmoja: chini ya taya la kulia zinashuka, kwenye koromeo zinakwenda pembeni, na chini kidogo ya sikio la kushoto kuna kizunguzungu kinachopanda. Kinyozi alizitafuta kwa kidole, sehemu baada ya sehemu: upande kidole kinakoteleza ndiko zinakolala, na huko ndiko mashine inakokwenda.

Mstari wa shingo na wa mashavuni bado aliutaka kwa kiwembe, na sikumbishia, kwa sababu bila mstari ndevu fupi zinaonekana uzembe. Masharti yakawa wembe mpya, unaovunjwa nusu ukiwa ndani ya karatasi yake mbele ya mteja na kutupwa akimaliza. Taulo la moto la S. mwenyewe, si lile linalozunguka viti vyote. Mpito mmoja wa kushuka, povu la kutosha, hakuna kurudia. Wembe wa makali mamoja ukipita mara moja kufuata uelekeo hauleti shida ile. Shida inaletwa na mpito wa tatu.

Mashine ilikuwa inasafishwa kwa kupulizwa kwa mdomo. Tulizungumza na hilo: kwanza brashi kuondoa nywele, kisha spiriti ya asilimia 70 ikae na kukauka yenyewe kabla ya mteja mwingine. Juu ya nywele na mafuta, spiriti haifiki inakotakiwa. Virusi vya homa ya ini B vinaweza kuishi nje ya mwili siku saba au zaidi, na kinyozi hakuwahi kuambiwa. Jambo hilo lilimgusa kuliko vipele vyote, maana mashine hiyohiyo anamnyolea mwanawe.

Barua ya pili

Safari hii hatukutumia fomu. Tuliandika barua fupi yenye mambo ya kukagulika: mfanyakazi ana tatizo la ngozi linalosababishwa na kunyoa usawa wa ngozi, atapunguza ndevu kwa mashine kila siku ya pili au ya tatu, urefu hautazidi milimita 2, mstari wa shingo na mashavu utakuwa safi wakati wote, anafaa kwa kazi zote, pamoja na geti la mbele. Sentensi hiyo ya mwisho tuliiweka peke yake kwenye mstari wake.

S. aliipeleka akiwa ametoka kwa kinyozi. Mkuu wa zamu alimwangalia, akaisoma, akamwangalia tena, akauliza, "Sasa hapo si umenyoa?" Akarudishwa getini wiki iliyofuata.

Matokeo

Mwezi wa tatu vipele vipya vilikuwa vya kuhesabika, hasa chini ya sikio la kushoto, kwenye kile kizunguzungu. Wakati huo ngozi ilikuwa imepata nguvu, tukaanza adapalini usiku mara tatu kwa wiki. Mabaka meusi yalipungua taratibu. Weusi unaobaki baada ya uvimbe huchukua miezi kufifia, na mtu anayesimama juani kutwa anahitaji kofia yenye ukingo kabla hajafikiria krimu yoyote. Alipouliza kama apake mkorogo "kidogo tu kusawazisha", nilimwonesha mashavu yake kwenye kioo, akaacha hoja hiyo.

Kovu la taya halikupungua. Alidungwa steroidi ndani ya kovu na mtaalamu anayetembelea hospitali yetu, likalainika lakini lipo.

Aliwahi kurudi nyuma mara moja: harusi ya shemeji, akataka kung'aa, akatumia wembe wa nyembe tatu usiku wa kuamkia. Vipele vilirudi siku ya tatu. Alijua cha kufanya na hakuja kliniki mpaka tarehe yake.

Uchambuzi

Dawa zilisaidia, lakini nadhani zisingefika mbali bila mabadiliko ya urefu. Ugonjwa huu unatokana na unywele kuwa mfupi kuliko unavyopaswa, na krimu yoyote inayoachwa ipambane na wembe wa kila alfajiri itashindwa. Naona wagonjwa wengi wamepewa antibiotiki duru baada ya duru bila mtu kuuliza wananyoa kwa kifaa gani na kwa nani.

Kilichofungua kisa ni kutofautisha vipimo viwili. Mkuu wa zamu anakagua kwa jicho, kutoka hatua mbili. S. alikuwa anajikagua kwa kiganja. Kati ya kile jicho linachoona na kile kiganja kinachohisi kuna kama milimita 1, na vipele vyake vyote viliishi ndani ya milimita hiyo. Hakuna aliyemwamuru aondoe kiasi hicho. Alijiamuru mwenyewe, kwa sababu kanuni haikusema inaishia wapi, na mtu anayeogopa kupoteza lindo hukadiria kwa upande wa usalama. Ndiyo maana jaribio la kwa kinyozi lilikuwa na thamani kuliko maelezo yangu yote ya ofisini. Lilimwonesha kwa macho ya mtu mwingine.

Barua ya kwanza ilikwama kwa sababu ilimnyima msimamizi kitu cha kukagua na kumpa neno, "nyepesi", analolijua kwa maana yake ya kazini. Barua inayosema "asinyoe" inaacha ndevu zisizo na mpaka. Inayotaja milimita inampa mkaguzi kipimo, na wakaguzi wanapenda vipimo. Kwa wenzetu jambo hili limefika hadi mahakamani: mwaka 1993 mahakama ya rufaa ya shirikisho nchini Marekani ilikataa kanuni ya mwajiri mmoja iliyokataza ndevu bila kuwaachia nafasi wenye tatizo hili, kwa kuwa iliwaumiza wanaume Weusi zaidi na mwajiri hakuonesha ulazima wake kibiashara. Hatukuhitaji kufika huko. Ila nina wasiwasi kwamba kama S. angekuwa na mkuu wa zamu mkali zaidi, barua yetu ya pili ingeishia kwenye droo.

Tyubu ya mseto inastahili kutajwa kwa ukali. Bila hiyo S. angepona nusu ya muda. Steroidi ya nguvu ile haina kazi usoni kwa miezi, na ubaya wake ni kwamba inaanza kwa kumfurahisha mtu. Wahudumu tuulize "unapaka nini baada ya kuoga", kwa maneno hayohayo, maana neno "dawa" halitaitoa mfukoni.

Kuhusu leza: kuna aina moja, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 1064, inayofaa ngozi nyeusi na inayopunguza ndevu zenyewe, hivyo kupunguza tatizo kwenye chanzo. Kwa mshahara wa mlinzi haikuwa chaguo, na kwa mtu anayependa kuwa na ndevu siku moja si chaguo pia. S. anasema akistaafu ulinzi atazifuga.

Ambalo halijatatuliwa ni kanuni. Ruhusa ya S. ni karatasi moja mkononi mwa msimamizi mmoja. Akihamishwa, mazungumzo yanaanza upya. Walinzi wengine wa kampuni hiyo wameshakuja kliniki wakiomba "barua ya milimita", na mmoja wao alikuwa na tyubu ileile mfukoni. Tumeiandikia ofisi yao ya utumishi tukipendekeza kifungu kisomeke "nadhifu, ndevu zisizozidi milimita 2, mstari wa shingo na mashavu umesafishwa". Hadi naandika haya, hawajajibu.